Kibali cha Nguzo Moja

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na nyoka wa Mzee Roshanali alikuwa na kamera. Mwaka sabini na moja, kule Kisutu, Dar es Salaam, bwana mmoja wa serikali alisimama ng'ambo ya barabara akalipiga picha jengo la ghorofa mbili alilojenga baba yake Mzee Roshanali. Haukupita muda likataifishwa, wao wakaambiwa walipe kodi ya kukaa kwao wenyewe. Basi mwaka tisini na sita, huku Weston, Toronto, jirani yao Doreen, mwalimu mstaafu, alipoielekezea kamera nyumba yao ya matofali mekundu, Mumtaz alimwona mumewe dirishani akibadilika rangi.

Doreen hakuwa na ubaya. Kampuni moja ilikuwa ikinunua nyumba kongwe za mtaa huo na kuzibomoa, na majirani walitaka jiji lizitie kwenye orodha ya nyumba za kulindwa. Wakaitana ukumbi wa kanisa. Huko ikaelezwa kwamba nyumba ikishaingia kwenye orodha, mwenyewe hagusi sura yake ya mbele bila kibali. Mzee Roshanali akasimama, akauliza kibali cha nani. Cha jiji, akajibiwa, tena kwa tabasamu. Akavaa kofia yake akatoka.

Kesho yake Mumtaz alimsikia kwenye simu akimwita mpwa wake Akbar, fundi ujenzi, aje Jumamosi na mtaimbo. Halmashauri ya jiji ingepiga kura Jumatatu. Baraza la mbele likishakuwa kuni, hakuna atakayehangaika na nyumba hiyo.

Na baraza hilo ndilo lililomfanya Mumtaz aikubali nyumba. Lilikuwa la mbao, lenye nguzo za kuchongwa na ubao wa kukalia, na katika mji ambao watu huingia majumbani mwao kwa mlango wa gereji, ndipo mahali pekee alipopata kusalimiwa na wapita njia. Alikuwa na hofu, tena na hasira. Angeweza kumwambia Doreen, na Doreen angewaita watu wa jiji. Alinyanyua simu, akairudisha, akainyanyua tena. Amletee mumewe serikali mlangoni, kwa mkono wake mwenyewe? Hilo hakuliweza. Bora baraza liende.

Jumamosi Akbar akaja. Mtaimbo ukaingia chini ya nguzo ya kwanza, nayo ikalia, ikapasuka katikati. Hapo Mumtaz akashindwa kuvumilia. Alitoka na unga wa chapati vidoleni akasimama mbele ya nguzo ya pili.

"Ondoka, Mama Rizwan," mumewe alisema. "Safari hii hawatukuti na kitu."

"Kisutu walichukua," Mumtaz akasema. "Lakini hawakuvunja, Baba Rizwan. Binti yako Tazmin alipokwenda mwaka jana aliikuta roshani ya baba yako ipo, watu wameanika kanga. Hii yetu anaivunja nani?"

Akbar akashusha mtaimbo bila kuambiwa. Mzee Roshanali alikitazama kipande cha nguzo pale majanini, akakitazama weee, kisha akaketi kwenye ngazi akalia, yeye ambaye mwaka ule hakutoa hata chozi. Doreen alikuwa ametoka nje, ng'ambo ya mtaa, na Mumtaz akampungia mkono asivuke.

Jumatatu kura ilipita. Akbar alikwisha kuchonga nguzo nyingine na alitaka kuisimamisha siku hiyo hiyo, lakini mjomba wake akamwambia angoje. Mzee alivaa suti yake ya kuendea ibada jamatkhana, akapanda basi hadi ofisi za jiji, akawa mtu wa kwanza wa mtaa ule kuomba kibali: kurudisha nguzo aliyoing'oa mwenyewe. Karani alipomuuliza mwenye nyumba ni nani, alijibu kwa sauti hata foleni nzima ikageuka.

"Mimi."