Mnada wa Shamba la Alunguli

Askari walikatiza katikati ya mpunga wakiukanyaga. Mwavita alimshika mkono binti yake, Riziki, akamvuta karibu. Tangu Bwana Hamadi, mwenye shamba hili la Alunguli, auawe vitani na jeshi la Wazungu, mali yake yote iligeuka kuwa ya Serikali. Leo ardhi yake ilikuwa inanadiwa.

Kabla ya kufa, Hamadi alikuwa amemwacha Mwavita, mtumwa wake, huru, akamkatia kipande cha shamba kando ya kijito. Shahidi aliyebaki hai ni mmoja tu: Bakari, aliyekuwa nyampara wa Hamadi. Naye leo alikuja kununua, pembe zake za ndovu za kulipia zimelazwa kwenye nyasi.

Mwavita akamsogelea. "Bwana Bakari, waambie kile kipande njo changu. Ulikuwa palepale."

"Mama, unataka nimutetee Hamadi mbele ya muzungu? Watanitundika."

"Sasa tufanye nini?"

Bakari aliwatazama askari waliokuwa wakikunjua kamba. "Muntu asiye na bwana anapelekwa kubeba mizigo ya Serikali. Wale wa kwanza hawajarudi. Semeni nyinyi ni watu wangu. Nikishanunua, mutabaki humu humu."

 Nusu ya maisha yake Mwavita aliomba siku moja aitwe muungwana, mtu huru.

Wanunuzi walikuwa wachache, na mnada ukaisha upesi. Shamba likawa la Bakari. Mzungu aliyeendesha mnada akawanyooshea fimbo Mwavita na Riziki, na mkalimani, askari mwenye sauti ya upole, akauliza, "Nyinyi watu wa nani?"

Mwavita akapiga magoti kwenye tope. "Tuko watumwa wa Bwana Bakari. Mimi na mutoto wangu."

Mzungu akacheka kidogo, akasema jambo.

"Bwana anasema utumwa umekwisha," mkalimani akaeleza. "Lakini mwenye shamba anaweza kubakiza wafanyakazi anaowahitaji. Bakari, hawa wako?"

Bakari aliitazama mikono ya Mwavita iliyosugulika, na mgongo wake ulioanza kupinda. Kisha akamtazama Riziki, aliyejibanza nyuma ya mama yake.

"Musichana njo wangu," akasema. "Huyu mukubwa simujui."

Riziki hakulia. Aling'ang'ania nguo ya mama yake mpaka Bakari alipombandua vidole, kimoja kimoja.  Askari akamvika Mwavita kamba shingoni, akamfunga nyuma ya mwanamke mmoja aliyetoka Kailo, kwenye msafara wa wabeba mizigo.

"Bwana anasema usiogope," mkalimani akamwambia, akilikaza fundo. "Tangu leo uko huru."

Msafara ukaanza kuteremka kuelekea mtoni. Kila aliyejaribu kugeuza kichwa kutazama nyuma, kamba ilimkaba.