Jibu la Jana

Siku Stéphane, fundi wa kompyuta kutoka Kinshasa, alipofika Sake na kompyuta nyembamba kama sahani ya bati, Kavira alimtazama viatu kwanza. Vilikuwa vyeupe. Mtu anayekuja na viatu vyeupe kwenye matope meusi ya Sake, ama hajui anakokwenda, ama anatarajia kubebwa.

Kavira alikuwa na diploma ya informatique, yaani elimu ya kompyuta, watoto watatu, na ulimi ambao mumewe alikuwa ameshaacha kushindana nao. Ndiye aliyeandika programu iliyounganisha kila kitu katika nyumba ya usafirishaji ya Papa Théophile: bohari la Sake, maduka ya Masisi, motari wa pikipiki wanaofikisha mizigo Pinga, na madereva wa Fuso. Madereva waliibatiza Chukudu, kama lile gari letu la mbao la magurudumu mawili, kwa sababu ilikwenda polepole na kulialia njiani, lakini mzigo ulifika.

Katika miaka hii ya vita, kazi kubwa ya Chukudu ilikuwa kuuliza barabara. Huko vilimani sauti ya mtu hukatika kabla hajamaliza kutaja jina lake, na SMS hufika jioni, ikikumbuka. Kinachopita ni mlio mmoja wa simu. Basi watu waliongea kwa kubipu, kupiga na kukata. Dereva anabipu Chukudu. Chukudu inambipu Mama Drocella, mkulima wa Bihambwe kwenye barabara ya Masisi. Drocella anaacha jembe, anapanda juu, anatazama. Barabara ikiwa wazi, anabipu, na Chukudu inampigia dereva mlio mmoja: pita. Ikiwa si wazi, hafanyi kitu. Dereva asiyesikia mlio anazima mota na kutafuta chakula. Na kila jibu ni la gari moja tu. Gari la nyuma linauliza upya, hata kama bado linakula vumbi la gari la mbele.

Stéphane alipoelezwa hayo alicheka. "Mama, hii si système. Hii ni kijiji."

"Njo kijiji chenyewe kinakuleteaka viazi," Kavira akamjibu. "Kula, unyamaze."

Stéphane alikuwa ameleta Lango. Lilikuwa jukwaa la kusimama mbele ya Chukudu kama mlinzi wa ofisi: kila programu ya nje, na hata bipu ya dereva, inayotaka kuuliza kitu inapita kwake, linaikagua, linaipokelea swali na kuipa jibu. Wateja wa Goma wangeona bei, mizigo na hali ya barabara kwenye simu zao. Papa Théophile, mfanyabiashara wa Butembo asiyekosa misa wala nafasi ya kujionyesha, alilipenda kuliko Fuso zake zote.

Ilibaki kuliunganisha Lango na Chukudu. Stéphane alimwomba Kavira wakae pamoja wapange masharti. Kavira akasema ana maharagwe motoni. Akaondoka amekunja midomo. Acha mtoto wa viatu vyeupe apange mwenyewe, aanguke mbele ya watu.

Siku ya kulizindua, Papa Théophile alipanga viti vya plastiki uani, akaita wageni kutoka Goma, akatundika skrini kubwa ukutani. Hilaire, mdogo wake Kavira, alikuwa tayari na Fuso iliyojaa chumvi na sabuni, na abiria juu ya magunia, akina mama wamefunga watoto mgongoni.

"Uliza barabara, wageni waone!" Papa Théophile akaamuru.

Hilaire alibipu. Simu yake ililia hata hajaishusha mkononi. Skrini ikawaka kijani: BIHAMBWE WAZI. Wageni wakapiga makofi.

Hilaire aliitazama simu kama mtu aliyeletewa nyama na hajaona mnyama. "Dada," akamwambia Kavira, "Mama Drocella ameota mabawa? Ule mama anamalizaka kwanza mustari wake wa maharagi, njo anajibu."

"Hilaire, panda gari!" Papa Théophile akafoka. "Wageni wanaangalia."

Hilaire akabipu tena. Mlio ukarudi papo hapo, kijani kikawaka, makofi yakaongezeka. Akainua mabega. Mlio ni mlio. Akaondoka.

Kavira akaingia ndani, akafungua Chukudu. Tangu jana haikuwa imepeleka swali lolote Bihambwe.

"Stéphane! Nani alijibu?"

"Lango. Jibu la jana ninaliweka akiba mpaka jioni ya leo. Kila jukwaa linafanya vile, Mama. Juu ya nini kusumbua kijiji na swali lile lile?"

"Hii iko barabara ya Masisi, haiko bei ya sabuni!"

"Nilikuuliza masharti," Stéphane akasema taratibu. "Ukasema maharagwe."

Neno hilo lilimwingia Kavira, lakini hakuwa na nafasi ya kulitafuna. Alimbipu Drocella kupitia Chukudu. Akangoja muda wa mtu kuacha jembe na kupanda mlima. Akangoja tena muda wa mtu mvivu. Kimya.

"Basi mupigie kaka yako arudi," Stéphane akasema.

"Nimupigie? Kule juu atasikia mulio moja, halafu inakatika. Na mulio moja iko nini?"

Stéphane akakumbuka alivyoelezwa. Mlio mmoja ni: pita.

Lakini madereva wote husimama Mushaki kupoza mota, na huko huuliza tena kabla ya Bihambwe. Hilaire angeuliza, na Lango lingempa tena jibu la jana.

"Toa ile akiba."

"Lazima wakubwa wangu waniruhusu kutoka Kinshasa. Labda kesho..."

"Basi ninatoa Lango."

Papa Théophile alikuwa amesimama mlangoni, Fanta mkononi. "Usiguse! Skrini itakufa mbele ya wageni. Mama Kavira, hii ni wivu. Umezaa Chukudu, sasa unachukia mutoto wa mwenzako."

"Papa Théophile, mimi nilizaa bantu, batoto batatu. Chukudu niliandika tu."

Akang'oa waya wa Lango.

Nje, makelele ya wageni yalikatika. Kijani kilikuwa kimezimika. Kavira alikaa mbele ya Chukudu, mikono mapajani. Sasa yote yalikuwa kwa Hilaire. Alikuwa amekwisha kupewa milio miwili na kufokewa na bosi. Dereva mwingine angesema inatosha, akapita bila kuuliza.

Hatimaye Chukudu ikaandika mstari mmoja: Mushaki inauliza.

Akauliza! Swali likapanda Bihambwe, likabaki huko. Hakuna mlio uliorudi, wala Chukudu haikumpigia mtu. Stéphane alikuwa nyuma yake, na Kavira hakumfukuza.

Jioni Fuso ilirudi. Chumvi na sabuni zilikuwemo bado, na juu yake watu walikuwa wengi kuliko walioondoka, na godoro, mbuzi, sufuria, watoto wasiojua wamelala mapajani mwa nani. Hilaire alishuka. "Niliwakuta Mushaki, wanatembea. Nilikuwa ninangoja mulio."

Mama Drocella alishuka wa mwisho, jembe mkononi. "Tulikimbia asubuhi, masasi ya bunduki iko inalia nyuma yetu. Simu imebaki mu shamba. Sasa nani alisema mimi nimesema barabara iko wazi?"

Kavira akamnyooshea Stéphane kidole. Drocella akamtazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu.

"Na ule alikuwa ku mulima gani?"

Hata Papa Théophile hakucheka. Kesho yake, lakini, alikuwa akiwapigia wageni simu kuwaeleza kwamba lile lilikuwa jaribio la usalama, na limefaulu.

Kavira alivuta kiti karibu na kompyuta nyembamba. "Kaa," akamwambia Stéphane. "Bei ya sabuni, weka akiba mpaka Pasaka. Barabara, jibu likitumika mara moja, linakufa. Na kimya, usikipake kijani."

Stéphane alifanya alivyoambiwa, kisha akauliza, "Na Bihambwe sasa tutauliza nani?"

Drocella alikuwa mlangoni, akimenya viazi vya watu kumi na zaidi. Hakuinua macho.

"Hakuna muntu kule," akasema. "Andika vile."