Barua ya Kwenda Ghorofa ya Pili

Foleni ilikuwa imefika mlangoni, na mfamasia alikuwa akihesabu vidonge huku sikio moja likisikiliza simu. Mwalimu wake wa Kiingereza alikuwa amesahihisha barua yake ya mazoezi na kumtumia ujumbe wa sauti.

"Tatizo lako ni lile lile, mdogo wangu. Unamwandikia daktari kana kwamba unamwomba radhi kwa kuzaliwa. Salamu, heshima, samahani kwa usumbufu, na hatari yenyewe unaitupa mstari wa mwisho, daktari keshaweka karatasi chini! Anza na hatari. Mwambie unataka afanye nini. Basi, weka sahihi."

Mara mbili alikuwa ameufanya mtihani ule wa Kiingereza wa kwenda kufanya kazi ng'ambo, na mara mbili barua ilimwangusha. Kusoma alipita, kusikiliza alipita, kuongea ndiko usiseme. Lakini kumwambia daktari moja kwa moja kwamba kuna kosa, mkono ulikuwa mzito. Hakuzaliwa hivyo, kazi ndiyo iliyomfundisha. Sasa alitaka kujaribu mara ya tatu, na wale wa ng'ambo walidai barua ya mwajiri yenye sahihi na mhuri, iwafikie leo kabla ya ofisi kufungwa, la sivyo nafasi yake anapewa mwingine. Barua ilikuwa imeshachapwa. Ilikuwa mezani kwa bosi tangu wiki iliyopita, na kila alipomkumbusha aliambiwa asubiri foleni ipungue, kana kwamba foleni ya wagonjwa huwa inapungua.

"Dokta, nisaidie na hiki."

Dukani pale kila mtu alimwita dokta, isipokuwa madaktari. Aliyeita alikuwa mwanamke mwenye mkoba wa kijani, na cheti chake cha dawa kilitoka kliniki ya ghorofa ya pili, juu ya duka. Vidonge vikali vya maumivu, vya goti la baba yake.

"Mzee anatumia dawa nyingine yoyote?"

Mwanamke alipekua mkoba akatoa kipande cha vidonge vilivyobaki. "Hivi tu. Tangu alipopasuliwa moyo."

Mfamasia alivitazama. Vilikuwa vya kuzuia damu isigande. Ukivichanganya na vile vya goti, mzee anaweza kuvuja damu tumboni bila kujua, hadi siku atakapoanguka.

"Daktari ulimwonyesha hivi?"

"Angeniuliza ningemwonyesha. Hata kukaa vizuri hatukukaa, akaita mwingine."

Alipiga simu juu. Msichana wa mapokezi alimjibu kwamba daktari hapokei simu za duka. Kama wana neno, waandike.

Basi akaandika, amesimama, karatasi juu ya kaunta. Mstari wa kwanza ulisema mgonjwa huyu anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, na vidonge alivyoandikiwa vinaweza kumfanya avuje damu tumboni. Wa pili uliomba abadilishiwe dawa. Ilikuwa barua safi, na kwa mara ya kwanza tangu aanze masomo aliipenda barua yake mwenyewe.

Bosi aliisoma juu ya bega lake.

"Hii ni barua au hati ya mashtaka?"

"Ni ya kazi, bosi. Mzee ataumia."

"Mimi nimesema asiumie? Nusu ya hawa watu wametoka juu. Na jengo hili la nani? Akituambia tuhame kesho, utakwenda kuandika barua zako wapi?" Aliichukua kalamu. "Mtu mzima huambiwa kwa adabu. Tazama."

Akaiandika upya. Alianza na shukrani, akaja ushirikiano wa miaka mingi, akaja samahani kwa usumbufu. Mwisho kabisa, chini, pakawa na ombi kwamba endapo daktari ataona inafaa, aangalie pia dawa nyingine za mgonjwa.

"Hapo hataona, bosi."

"Ataona. Yule ni daktari."

Akapanda nayo mwenyewe. Hata mteja mmoja hakuwa amemaliza kuhudumiwa, bosi akarudi anatabasamu. Chini ya barua daktari alikuwa ameandika: *Asanteni kwa ushirikiano. Toeni dawa kama nilivyoandika.*

Mfamasia aliisoma mara mbili. Kwa barua kama ile mtahini angempa alama mbaya tu, naye angelia, akajiandikisha tena. Mzee wa watu hana pa kujiandikisha tena. Hasira zilimpanda, akajichukia kwa kumwachia bosi kalamu.

Bosi alivuta droo akatoa mhuri. Akaitia sahihi ile barua ya mfamasia ya kwenda ng'ambo, bila kuombwa safari hii. "Mpe dada wa watu dawa zake," alisema, mhuri mkononi, "halafu njoo uchukue hii yako. Si unasema mwisho leo?"

Mwanamke alikuwa amesikia yote. Hakutazama cheti wala bosi.

"Dokta, angekuwa baba yako, ungempa?"

Jibu la siku zote lilikuwa mdomoni, kwamba daktari ndiye anayejua. Alilimeza.

"Nisingempa, dada." Sauti yake ilifika mlangoni. "Na wewe usimpe. Zikikutana na zile za moyo atavuja damu. Mpeleke hospitali kubwa leo leo, na hivi vidonge vyake uvishike mkononi, uwaonyeshe hata wasipouliza."

Bosi aliikunja ile barua yenye sahihi, akaiweka kwenye droo pamoja na mhuri, akafunga, ufunguo akautia mfuko wa shati.

Katikati ya foleni, mwanamume mmoja aliyeshika cheti alikifungua, akakitazama, kisha akawapita watu hadi kaunta.

"Dokta, hebu niangalizie na changu. Nacho kimetoka huko huko juu."