Mkufu Uliosawijika Siku ya Nne

Msicheke. Mwaka ule kijiji chetu kizima, Anse Tibois, kilinuka mayai viza. Mwani ulitoka huko baharini ukapanda ufukweni hadi magotini, ukaanza kuozea juani. Mabomba ya shaba yakasawijika, vijiko vikawa vyeusi, friji zikafa moja baada ya nyingine. Saluni yangu iko hatua ishirini kutoka majini. Wateja walikuja wameziba pua kwa leso, nikawatengeneza nywele hivyo hivyo.

Mwenye maelezo alikuwa mchumba wangu, Mathurin. Alisomea kemia ng'ambo, Bordeaux, kwa ufadhili, akarudi kisiwani kwetu Martinique akapewa kazi ya kupima gesi ya mwani ule, anatembea na kijimashine kinacholia pii pii. "Sikilizeni," aliwaambia watu nje ya kanisa. "Mwani una salfa, na maji ya bahari pia. Chini ya lundo hewa haifiki, na huko wanaishi vijidudu wasiohitaji hewa. Wanakula, wanashiba, wanajamba. Mnachonusa ndicho hicho." Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Nilimpenda upya siku hiyo, jamani.

Sasa, kwa kina Mathurin kuna desturi. Bibi harusi anavalishwa mkufu wa familia, wa punje nene za dhahabu, siku saba kabla ya ndoa, na haruhusiwi kuuvua hata akioga. Ukiwa bado unang'aa siku ya harusi, basi moyo wake ni safi. Jumapili mama yake, Man Eudoxie, alinifunga mwenyewe. Aliufunga haraka haraka, macho pembeni, nikadhani anaficha machozi ya mapenzi.

Jumatano asubuhi nikajitazama kwenye kioo cha saluni. Mkufu mweusi ti! Nilipiga yowe. Na kitini pangu, kichwa kimejaa dawa ya kunyoosha nywele, alikuwa nani? Zulma, shangazi yake Mathurin, mwanamke ambaye akijua jambo huhitaji tena redio. Mungu naye ana mizaha yake.

"Ghislène!" alisema akinyanyuka. "Hee! Una bwana mwingine wewe!"

"Shangazi, ni mwani huo! Si hata vijiko vyako vimekuwa vyeusi?"

"Vijiko vyangu si dhahabu. Dhahabu haiwi nyeusi. Muulize huyo msomi wako!"

Akatoka mbio barabarani, dawa inamchuruzika shingoni, anaita watu. Nikamkimbilia na taulo, maana dawa ile ikikaa sana nywele zinakatika, na sitaki kusemwa kwa hilo pia.

Mathurin akaja na kijimashine chake, wakamuuliza. Mngemwona alivyokohoa kwanza, kama yuko darasani. "Kisayansi," alisema, "gesi hii hula fedha na shaba. Dhahabu haiigusi." Kisha akaona macho yangu. "Lakini mimi nakuamini, mpenzi."

Lakini! Ningekuwa na sufuria mkononi siku hiyo ningefungwa.

"Umesikia?" Zulma akadakia. "Jumamosi padri akiuliza nani ana pingamizi, nitasimama mimi." Kwa hiyo ndoa yangu ikawa mikononi mwa Zulma, au tuseme mdomoni mwake, na mdomo huo haujawahi kufungwa.

Ijumaa asubuhi nilichoka kulia, nikaona heri niusafishe. Desturi ikaniambia usiuvue, nikaiambia desturi ikae kando. Wanawake wote wa pwani yetu wanajua dawa: unatandika karatasi ya foili ndani ya beseni, unatia magadi na chumvi, unamwaga maji ya moto, unatumbukiza uma zako. Harufu ya mayai inakupiga, weusi unahamia kwenye foili, uma zinatoka safi. Nikautumbukiza mkufu, nikahesabu hadi mia, nikauopoa.

Ulikuwa mweupe. Mweupe pe! Punje chache zilibaki na njano, nikazifuta kwa kitambaa, njano ikabanduka. Fedha tupu iliyopakwa dhahabu! Nilirukaruka jikoni peke yangu kama mwehu. Mimi ni safi! Moyo wangu ni safi na mkufu ndio mwongo! Nikausokomeza mfukoni, nikakimbia na kandambili zangu hadi kwa Man Eudoxie.

Alikuwa anachambua samaki wa chumvi. Nikauweka mezani mbele yake. Aliutazama, akanawa mikono taratibu, akaenda kufunga mlango.

"Ule wenyewe niliuuza," alisema. "Mathurin alipokwenda Bordeaux. Nikamwomba sonara anitengenezee pacha wake."

"Lakini Mama, si alipata ufadhili?"

"Ufadhili upi, mwanangu? Ile barua niliiandika mimi. Muhuri nilichonga kwa kiazi."

Nilitaka kukasirika, wallahi nilitaka. Mwanamke huyu alikaa kimya siku mbili nikiitwa malaya mtaani. Lakini ile picha ya kiazi ikanishinda, nikaanza kucheka. Naye akaanza kucheka, kisha akawa analia.

"Niliogopa, Ghislène. Anatembea wima kwa sababu anajua alichaguliwa kati ya mia. Ukimwambia, hutakuwa umekosea. Nami sitakukataza."

Nikavuta kiti. Nilimfikiria Mathurin na kijimashine chake, anavyokohoa kabla ya kusema "kisayansi". Kumbe elimu iliyonihukumu ilinunuliwa kwa dhahabu ile ile.

"Mama," nilisema, "una rangi ya kucha ya dhahabu?"

Hakuwa nayo, ila mimi nina saluni. Tulikaa hadi adhuhuri tukipaka punje moja moja, vibrashi mikononi, tukicheka hata majirani wakagonga ukuta.

Jumamosi kanisa lilijaa. Padri akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Zulma akasimama, akaja mbele, akakodoa macho. Mkufu unang'aa! Nusura nicheke. Akanyoosha mkono akakamata punje moja; kwa joto lile rangi nene ilikuwa bado haijakauka ndani, na vidole vyake vikatoka vya njano.

"Rangi!" akapaza sauti, vidole juu. "Amebadilisha mkufu wetu! Si mzinzi tu, ni mwizi!"

Kanisa likavuma. Mathurin akanitazama. Nikauma ulimi hadi nikasikia damu.

"Kaa chini, Zulma." Alikuwa Man Eudoxie, amesimama kwenye benchi la mbele. "Mkufu niliuuza mimi. Mathurin, ufadhili ulikuwa huo. Barua niliandika mimi, na makosa ya Kifaransa yalikuwa yangu."

Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, kisha kanisa zima. Mathurin peke yake hakucheka. Alishuka kutoka madhabahuni, akapiga magoti kwa mama yake, akaficha uso mapajani mwake.

"Inuka," Man Eudoxie alimwambia, anampapasa kichwa. "Suti ya kukodi hiyo."

Akarudi kwangu macho mekundu. "Ulijua?"

"Tangu jana."

"Na ungewaacha wakuite mwizi?"

"Hadi padri amalize. Halafu ningeshughulika na Zulma nje."

Mathurin akamgeukia padri, akasema, "Ndiyo."

"Sijakuuliza bado," padri akasema.

"Ndiyo, Baba. Andika."