Mshika Kamba

Fundi wa kupaua alipotoka hospitali, majirani walimpongeza mkewe mpaka akaona haya. Mtu kaangukiwa na chuma kwenye paji la uso, na bado anatembea, anahesabu, anamtambua kila mtu. Mungu ampe nini tena?

Mke alitabasamu tu. Daktari alikuwa amemweleza waziwazi, mbele ya mumewe mwenyewe, kwamba ubongo umeumia sehemu ya mbele, pale mtu anapopimia jambo kabla hajalitenda, pale hofu na huruma zinapomshika mkono. "Mwulize lililo sawa, atakujibu vizuri kuliko mimi. Anajua, ila kujua hakumgusi. Asipewe kazi inayoshikilia roho ya mtu mwingine."

Mke hakumwambia yeyote. Utaanzia wapi, jamani, kusema mumeo ni mzima ila hajali? Mtoto alipochemka homa, baba alimtazama, akasema, "Huyu anaweza kufa," akaendelea kutafuna karanga zake. Hayo unampelekea nani?

Kisha mkandarasi akaja kumtaka fundi wake. Kwake watu hufanya kazi wawili wawili: mmoja juu ya paa, amefungwa kamba kiunoni, mwenzake chini ameishika, na haiachii mpaka wa juu aseme "nimekaa". Mwenzake fundi miaka yote alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, baba wa watoto wawili, mtu wa masihara.

"Shemeji," mkandarasi alimwambia mke, "wewe ndiye unayeishi naye. Amepona?"

"Dada, sema ndiyo," mdogo wake, aliyekuja na mkandarasi, akadakia. "Huyu akizidi kukaa ndani atakuzeesha."

Wote walikuwa wakimtazama. Akasema amepona. Eti heshima ya nyumba. Heshima gani hiyo, mwanamke wee!

Siku ya kwanza tu kazini, fundi alirudi mapema, peke yake. Akanawa mikono, akaketi.

"Shemeji ameanguka," alisema. "Amekufa."

Mke alidhani ni ule utani wake mbaya wa siku hizi. "Kamba alishika nani?"

"Mimi. Chai ililetwa, nikaachia kamba."

"Hukujua kwamba ataanguka?"

"Nilijua. Hakuwa amesema amekaa." Akafunua sufuria. "Chakula ndicho hiki tu?"

Mke alimpiga kwa mikono miwili, kifuani, usoni, popote. Mume hakujikinga wala hakukasirika. Alingoja amalize, kisha akajipakulia. Laiti angelia, au angeomba hata msamaha wa uongo, mke angepata mtu wa kumchukia.

Mama mzazi wa mke akaingia, ameshikiliwa na majirani wawili. Machozi yalikuwa hayajamtoka bado. Alimtazama mkwewe aliyekuwa akila.

"Mkandarasi anaapa kwamba aliuliza kwanza," alisema. "Sasa nataka kujua. Nani alimwambia mtu huyu amepona?"

Majirani wakainamisha macho. Mke akamtazama mumewe, akimwomba kwa macho anyamaze, kwa mara hii moja tu.

Fundi alimeza tonge kwanza, kwa adabu ya ukweni.

"Mwanao, mama. Daktari alimkataza, naye akasema nimepona." Akasogea kidogo kwenye benchi kumpa nafasi. "Karibu tule."