Picha Inayokatwa Pembeni

Kompyuta ya kwanza Hashimu aliikataa kwa sababu moja tu: ilikata picha pembeni. Ya pili ilipofikishwa nyumbani kwake Lukozi, akasema na hii nayo inakata.

Wanawe walioko Tanga ndio waliotaka baba yao apate kompyuta ya mezani ya kuunganishwa na runinga pale sebuleni, apate kuangalia mpira, mawaidha na video za harusi za ukoo. Alen, fundi anayeuza kompyuta za mtumba mjini Lushoto, alikubali waijaribu kwanza, wakiridhika ndipo wanunue.

Mkewe Hidaya aliipenda tangu ilipowashwa. Haikuvuma kama ile ya kwanza, iliyokuwa ikinguruma kama mashine ya kusaga. Ilifungua video bila kukwamakwama, na sauti ya mawaidha ilijaa chumba bila kukwaruza. Lakini Hashimu hakutaka kusikia hayo. Alen akabadilisha waya, akaingia kwenye mipangilio, akaipunguza picha mpaka ukanda mweusi ukaizunguka pande zote. Hashimu akatikisa kichwa.

Alen akaweka mechi ya zamani. Mpira ukapigwa kulia, winga akaukimbilia, akaurudisha katikati, likawa goli.

"Mpira umepotelea wapi ulipopigwa kulia?" Hashimu akauliza. "Umeona inavyokata?"

Alen alimtazama Hidaya, kisha akainamia waya zake. Hidaya akainuka, akaenda kusimama ubavuni mwa runinga, akavua mtandio wake wa njano na kuunyoosha juu.

"Baba Mwanahamisi, tazama katikati ya runinga, usigeuze shingo. Nimeshika nini?"

"Kwani umesimama wapi?"

Hidaya angenyoosha mkono angeigusa skrini. Yale yote aliyoyapuuza yakamjia kwa mpigo: vikombe ambavyo mumewe alivipiga teke akilaumu waliovitega, kioo cha ubavuni cha gari kilichovunjika kwenye kona za chini ya Soni, mbuzi ambaye mumewe alimgonga na kuapa kwamba alizuka tu kutoka ardhini. Na mtu huyu ndiye aliyekuwa akiteremsha Fuso la kabichi na karoti hadi Mombo, bonde likiwa upande mmoja, Tatu, dada yake Hidaya, ameketi kando ya dereva na mzigo wake wa soko, na watoto wa shule wakitembea ukingoni mwa lami.

Alen aliaga, akisema ataiacha mashine wamweleze baadaye. Mlangoni akamnong'oneza Hidaya kwamba kompyuta ni nzima. Hidaya akamjibu kwamba ameshaelewa.

Waliposalia wawili, Hidaya alimuuliza mumewe hali hiyo ya kutoona pembeni imeanza lini. Hashimu akajibu kwa Kishambaa, kama afanyavyo jambo linapomwelemea. Ilianza kabla ya Ramadhani. Alidhani ni vumbi, halafu akadhani ni uchovu, halafu akaacha kudhani.

"Njia ile naijua hata nikifumba macho," alisema.

"Njia unaijua. Na wanaopita pembeni?"

Hashimu alichukua ufunguo wa gari, akasema kabichi zimeshapakiwa na hawezi kuziacha zioze kwa maneno ya mke. Hidaya hakuung'ang'ania ule ufunguo. Alichukua simu akampigia Ismaili, mwenye Fuso, na mbele ya mumewe akamweleza yote, tangu mtandio hadi mbuzi. Hakuacha neno. Hashimu alimsikiliza amesimama, na simu ilipokatwa akauweka ufunguo mezani taratibu, kama kitu kisicho chake. Dereva mwingine akaja kuufuata.

Hospitali waliambiwa ni presha ya macho, ile inayokula kuanzia pembeni bila kuuma. Kilichokwenda hakirudi. Dawa ya matone, akiitumia bila kuruka, huenda ikakilinda kilichobaki. Hashimu alimshukuru daktari kwa adabu. Njiani wakirudi, kila gari lilipofika kwenye kona alikaza mguu kana kwamba breki iko kwake.

Kompyuta waliinunua. Hidaya ndiye aliyemwambia Alen kwamba inafaa, haina kasoro.

Siku hizi, Alasiri ikishaswaliwa, Hashimu husogeza kiti chake hadi ukuta wa nyuma. Akikaa mbali hivyo, picha yote huingia ndani ya kijiduara cha kuonea alichobakiwa nacho. Kwa mkewe husema ya lazima tu: chai, matone, mgeni aliyebisha hodi.

Jana Hidaya alileta kigoda akaketi kando yake, karibu kabisa, ukungu ukiwa umeziba madirisha. Hashimu hakugeuka. Hidaya alikaa pale muda mrefu asijue kama ni hasira, au kama hakumwona.