Mgongo wa Mama Komeo

Siku ya mechi ya mwisho ya msimu, Mama Komeo aliwahi uwanjani, akaketi kwenye benchi lake nyuma ya goli, na kama kawaida akaupa uwanja mgongo. Mbele yake palikuwa na ukuta wa mashine ya kusaga, wenye ufa uliopinda kama mguu wa kuku. Ufa ule aliujua kuliko alivyoujua uso wa mwanawe akiwa golini.

Jambo lenyewe lilianza kama utani. Mwanawe alipopewa goli la timu ya mtaa kwa mara ya kwanza, mama alikwenda kumtazama, na mabao yakaingia kama kuku wanaorudi bandani. Mechi iliyofuata upepo ukamwangushia kitambaa cha kichwa. Alipogeuka kukiokota, nyuma yake kijana akapangua shuti la karibu, watu wakalipuka kwa shangwe. Basi! Mashabiki wakakata shauri kwamba mama huyu akitazama, tunafungwa. Benchi wakalileta wao, na wakaligeuza wao.

Mama Komeo, tangu mumewe atangulie mbele ya haki, alikuwa mtu wa sala, na alijua fika kwamba Mungu haendeshi mpira kwa migongo ya watu. Lakini hakuwa mtu wa kelele. Akasema moyoni, kama kukaa hivi kunawapa raha, nitakaa. Miaka ikaenda. Kijana akabandikwa jina la Komeo, kwa jinsi alivyofunga mlango, na mama akawa anausikia mpira kwa mdomo wa fundi viatu, rafiki wa marehemu mumewe, aliyeitwa Spika kwa sauti yake.

Leo haikuwa kama siku nyingine. Wakipata sare, wanabaki ligini. Wakifungwa, wanashuka daraja. Na goti la Komeo lilikuwa limekataa. Alishamwambia mama kwamba baada ya mechi hii anapumzika. Mama alitaka kitu kimoja tu: amwone mwanawe akidaka, japo mara moja, kabla hajazivua zile glavu alizomshonea kila zilipochanika.

"Spika, leo nageuka."

"Shemeji, una homa?"

"Mzima. Nataka kumwona mwanangu."

"Utamwona nyumbani! Si sura ni ileile?"

Watu wakasikia. "Nani anageuka? Mama Komeo? Jamani, mshikeni!"

"Mama, hurumia mtaa! Tukishuka tutaficha wapi nyuso zetu?"

Akatulia, akautazama ufa wake. Timu ya nyumbani ikatangulia kwa bao moja, Spika akalitangaza mpaka mate yakamrukia mama shingoni. Kisha, mchezo ukiwa unaelekea ukingoni, sauti yake ikakatika ghafla.

"Mbona kimya?"

"Penalti, shemeji. Yao."

Hapo akasikia hatua za mtu anayechechemea, na sauti nyuma ya nyavu. "Mama. Geuka."

"Mwanangu, watu wako watanila mbichi."

"Waambie nimekutuma mimi. Miaka yote nikifuata mpira huku nyuma nakutana na kisogo chako. Leo nataka uso."

Refa akampigia filimbi arudi mstarini. Mama akainuka, akageuka.

Mpigaji akaja, akapiga. Komeo akaruka kulia, mpira ukaenda kushoto, wavuni. Sasa ni moja kwa moja.

Macho yote yakamwangukia mama.

"Si tulisema!"

"Shemeji," Spika akanong'ona, na yeye hakuwa mtu wa kunong'ona, "rudi kwenye ukuta wako, nakuomba."

Shingo ilianza kugeuka yenyewe. Lakini Komeo alikuwa pale, akiutoa mpira nyavuni, na akamtazama. "Mama, usithubutu."

Akajifunga kitambaa vizuri. "Aliyefunga ni yule mwenye jezi ya njano," akawaambia. "Mimi sijapiga mpira."

Akabaki amesimama. Akamwona mwanawe akitemea glavu mate, akiwapanga mabeki kwa kidole: "Wewe huku! Wewe, umelala?" Mama akashtuka. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ileile ya kuwaamsha watoto asubuhi, na watu wazima wenye ndevu walikuwa wakiitii. Kifua kikamjaa.

Wageni wakapata kona. Mpira ukaja juu, vichwa vikapanda, mmoja akauzamisha kwa nguvu kuelekea pembeni mwa mlingoti. Komeo akajirusha na goti lake bovu, akaunyaka kwa mikono miwili, akaanguka nao, akaulalia kama mtu anayemfunika mtoto mvua isimfikie.

"Kadaka! Mwanangu kadaka!" Siku hiyo aliyemzidi Spika kwa sauti alikuwa Mama Komeo.

Refa akamaliza. Sare. Watu wakafurika uwanjani, na Spika akawa anamweleza kila aliyepita, "Mimi ndiye niliyemwambia ageuke!"

Komeo akaja akichechemea, jasho na vumbi usoni, akamkabidhi mama glavu.

"Zimechanika tena, mama."

"Kidole gumba, cha kushoto," akasema, bila kuziangalia. "Kwenye ile kona. Nimeona."